Naomba ushauri: Wapwa wangu wanataka kuona ngoma za Kisukuma msimu huu wa Krismasi

Shangazi wa Nyegezi:

Wanajamvi, salaam. Watoto watatu wa kaka yangu wanakuja kutoka Dar es Salaam tarehe 20 Desemba, na watakaa kwangu hapa Mwanza hadi baada ya mwaka mpya. Mkubwa ana miaka 16, mdogo ana 9, na hakuna hata mmoja anayejua Kisukuma zaidi ya kuitikia "mwangaluka". Kaka ameniomba wasishinde ndani na simu, bali waione mbina, yaani ngoma ya Kisukuma, ambayo marehemu babu yao aliicheza ujana wake wote.

Mimi nimekwisha kuumwa na nyoka, kwa hiyo hata ung'ongo unanishtua. Mwaka juzi niliwapeleka wageni kwenye ukumbi mmoja wa kando ya ziwa uliotangaza usiku wa utamaduni. Tulilipa kiingilio, tukangoja hadi saa nne, kisha wakatokea vijana wanne waliovaa fulana mpya za kufanana, wakazungusha majembe ya mbao mbele ya spika iliyokuwa ikipiga muziki wa kurekodiwa. Ngoma yenyewe ilikuwa imeegemezwa ukutani, na hakuna aliyeigusa hadi tunaondoka. Je, ni wapi nitapata kitu cha kweli mwezi Desemba, na matembezi gani mengine yanafaa wakati huu wa mvua?

Ngosha wa Magu:

Dada, umechagua mwezi mgumu. Mbina ni shughuli ya kiangazi. Watu wakishavuna na ghala likiwa na kitu, ndipo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanapokutana uwanjani, kila kundi likicheza upande wake kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye watazamaji wamemhamia. Ndiyo maana mamanju, yaani viongozi wa ngoma, wa zamani walihangaikia samba, yaani dawa ya mvuto, kuliko walivyohangaikia mavazi. Bulabo, lile tamasha la ngoma la Bujora, nayo huangukia karibu na mwezi Juni, kwa kuwa inafuata sikukuu ya Ekaristi. Sasa hivi vuli imeshika, na mchezaji unayemtafuta yuko shambani, na jembe alilonalo si la maonyesho.

Hata hivyo, usiache kwenda Bujora. Makumbusho yako Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, na yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeziingiza ngoma za Kisukuma kanisani wakati wengi walizihesabu kuwa ushenzi. Watoto wataona ngoma za watemi, na kanisa lililojengwa kwa umbo la msonge. Ukiwasiliana nao mapema unaweza kuagiza kikundi kwa malipo. Omba bugobogobo, ile ngoma ya majembe, na uulize waziwazi kama ngoma zitapigwa kwa mikono. Wakija wacheza nyoka, huyo wa miaka 9 asikae mstari wa mbele.

Mama Kirumba:

Ngosha amesema vema, lakini ngoma ya kuagiza hubaki kuwa ya kuagiza. Desemba ni msimu wa kwaya, na Mwanza hatuna njaa ya kwaya. Wapeleke kwenye misa ya mkesha Kanisa Kuu la Epifania pale Bugando, au katika ibada za kanisa la AIC (Africa Inland Church). Mimi ningewapeleka kwanza kwenye mazoezi ya jioni ya parokia yoyote iliyo karibu nawe, kwa sababu huko ndiko mtoto anakoona sauti ya nne ikirudishwa mara saba, mwalimu akigonga meza kwa funguo, na mpiga ngoma akibishana na mpiga kinanda kuhusu mwendo. Omba ruhusa kwa mwenyekiti wa kwaya, kisha mkae nyuma kimya.

Mvuvi Mstaafu:

Kwa matembezi, Kisiwa cha Saanane kinatosha nusu siku. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ina kilomita za mraba 2.18 tu, na boti kutoka Kapripointi huchukua dakika chache. Nendeni asubuhi, mvae viatu vinavyoshika mawe yaliyolowa, na kila mtoto avae jaketi okozi hata kama nahodha atawacheka. Wasichezee maji ya ufukweni, kwani kichocho hakichagui mgeni.

Shangazi wa Nyegezi:

Wabeja sana. Nitapiga simu Bujora wiki hii, na kwaya nitaianza hapa hapa parokiani kwetu. Mzee wetu, hata hivyo, alikuwa mtu wa wigashe, wala sikumbuki kumwona akicheza bugobogobo. Je, wigashe nayo inaagizwa?

Ngosha wa Magu:

Hiyo usiiagize, dada. Wigashe huchezwa watu wakiwa wamekaa, mikono na mabega yakifanya kazi yote, kwa hiyo hata sebule yako inatosha mvua ikinyesha. Mtafute mzee yeyote aliyecheza na baba yenu, mwandalie matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na chai, na usimharakishe. Ataanza kwa kulalamika kwamba magoti yanamuuma, nawe mkumbushe kwamba wimbo huu hauhitaji magoti.

Shangazi wa Nyegezi:

Yupo mmoja, Igoma. Namfuata Jumamosi.