Tupeane uzoefu: mti gani umekusitiri nyumbani sehemu kame bila kumaliza maji ya familia?

MkaziWaIyumbu (Dodoma)

Wadau, habari za majukumu. Nimehamia kwangu Iyumbu. Nyumba imekwisha ila kiwanja kipo wazi kabisa, greda lilipita likaondoka na kila kitu. Saa nane mchana ukuta wa magharibi haushikiki, na kuanzia Juni upepo wa mashariki unaleta vumbi mpaka kwenye sahani.

Nataka miti, ila maji ndiyo yananipa mawazo. Mvua ya huku inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikifika Aprili imekata, na kwa mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Bomba ni la mgao, maji ya boza ni ghali. Sitaki mti wa kugombania ndoo na watoto.

Kwenye vitalu vya barabarani naonyeshwa mwashoki na mkrismasi tu. Mliokaa na miti yenu kiangazi baada ya kiangazi, naomba mseme ulipanda nini, upande gani wa nyumba, uliutunzaje na leo ukoje. Majina ya kienyeji ruksa.

Nala_Kwetu

Mkuu, karibu Dodoma. Kabla hujatoa hela kitaluni, zunguka kiwanja chako mvua za kwanza zikinyesha. Greda huondoa shina, mizizi inabaki. Kwangu Nala yalianza kuchipua machaka niliyodhani ni magugu, kumbe ni visiki vya mgunga na mkole. Kijana wa jirani, Mgogo wa hapa hapa, ndiye alinizuia nisiyafyeke. Tukachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka kwa kila kisiki, mengine tukakata, tukafunga kitambaa kwenye tuliyoyabakiza ili wafyekaji wayaone. Kila mwaka napogolea matawi ya chini.

Ndiyo njia hiyo hiyo ya Kisiki Hai inayofundishwa vijijini huku Dodoma, na uani inafanya kazi vilevile. Mche wa kiriba (kimfuko cha kitaluni) unaanza na mizizi ya shubiri moja. Kisiki kina mizizi iliyokwishashuka chini miaka mingi kabla hujanunua kiwanja. Sijawahi kuumwagia ule mgunga maji, hata kopo moja, na leo tunaanika nafaka na kukaa chini yake. Kivuli chake ni chepesi, cha kuchujachuja, na miiba ipo, kwa hiyo watoto wasitembee peku. Maganda yake yakidondoka kiangazi mbuzi wanayafuata wenyewe.

MamaWawili_Singida

Mimi nitasema ya mwarobaini na mkwaju, maana ninayo yote miwili.

Mwarobaini ulikuwepo tulipohamia. Sina tatizo na kivuli chake: Septemba na Oktoba, kila kitu kimekauka, wenyewe ni kijani, na mbuzi hawaugusi. Lakini upo karibu mno na jiko la nje. Mizizi imeinua sakafu, mlango wa jiko haufungi vizuri tangu hapo. Halafu ndege wanakula matunda wanatawanya mbegu, kila masika nang'oa miche isiyo na idadi. Ukiupanda, uweke pembeni kabisa ya kiwanja, usiwe chini ya dirisha.

Mkwaju tuliupanda wenyewe, upande wa magharibi. Nakuambia ukweli, dada au kaka, huo mti unataka subira. Miaka ya mwanzo unaona kama haukui. Kumbe unashuka. Sasa hivi umetuliza kabisa joto la chumba cha wazazi, majani yake madogo yakidondoka yanageuka mbolea hapo hapo, na ukwaju tunapata wa juisi na wa kugawa. Tangu uliposimama hatujaumwagilia. Kama ningepewa nafasi ya mti mmoja tu kiwanja kizima, ningeweka mkwaju, na wajukuu wangu wangekuja kunishukuru.

FundiBomba_Dom

Naongezea la mizizi kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mti wa sehemu kame unatafuta maji, na maji ya uhakika kuliko yote uani kwako ni chemba na karo la choo. Nimefungua chemba nyingi nikakuta mzizi umeingia kwenye kiungo cha bomba ukatengeneza nywele nywele zimejaa bomba zima, maji yanarudi bafuni. Mara nyingi ni fikasi, mwarobaini au mkaratasi… samahani, mkaratusi, simu imebadilisha.

Mkrismasi nao ni mzuri ukichanua Desemba, sikatai, ila mizizi yake inatambaa juu juu. Paving inanyanyuka, na matawi yake ni laini, upepo wa Dodoma unayakata. Kiangazi unapukutisha majani, kivuli kinakukimbia wakati unakihitaji. Mkaratusi usiulete nyumbani kwenye shida ya maji, unakunywa sana.

Mwashoki hauna ubaya wa mizizi mikubwa, lakini unapanda juu kama mshale. Kivuli huna, na miaka ya mwanzo bila maji ya kila mara majani yanaungua pembeni. Miti mikubwa mimi nawaambia wateja waende angalau mita kumi kutoka kwenye karo. Mkomamanga, mtopetope, mlonge, hiyo unaweza kusogeza karibu.

Mwana_wa_Kitui (Kenya)

Salamu kutoka Ukambani. Huku tuna misimu miwili, lakini ile tunayoitegemea ni ya Oktoba hadi Desemba, ile ya Machi inatuangusha mara nyingi. Mti wetu ni mukau, yaani Melia volkensii. Ni wa kienyeji, unakua haraka kwa mti wa ukame, na mbao yake mchwa hawaipendi. Watu wanavuna mbao kati ya miaka kumi na kumi na tano. Wataalamu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, hapa Kitui wameufanyia kazi muda mrefu pamoja na Wajapani wa JICA, shirika lao la ushirikiano wa maendeleo, wakachagua mbegu bora zinazostahimili ukame.

Shida yake ni kuotesha. Mbegu iko ndani ya kokwa gumu sana. Babu yangu alikuwa anaokota makokwa zizini, yale mbuzi waliyotafuna tunda wakatema, halafu tunayavunja kwa uangalifu tutoe mbegu bila kuijeruhi. Siku hizi afadhali ununue mche uliooteshwa vizuri. Ukiwa mdogo, toa vichipukizi vya pembeni kwa vidole vingali laini, shina linyooke. Ukiacha mpaka viwe matawi unaumiza mti.

Ila kwa nyumbani jua hili: mukau hupukutika kiangazi, kisha hutoa majani mapya kabla mvua haijafika. Kuna wiki utakaa bila kivuli. Sisi tumeupanda kwenye mpaka wa shamba, na karibu na nyumba tumeacha mbarao, ambao kivuli chake ni kizito na matawi yamejipanga kama ghorofa.

MkaziWaIyumbu

Asanteni sana, tayari nimeahirisha kununua. Swali: huo mwaka wa kwanza na wa pili mnaupitishaje mche hadi mvua nyingine bila boza?

Kondoa_Mlimani

Hapo ndipo penye kazi, ngoja nieleze taratibu.

Mimi ni mtu wa Kondoa, sehemu ambayo ardhi ilichakaa hadi serikali ikaanzisha HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa eneo lililomomonyoka. Wazee wetu waliona makorongo yakifunikwa tena na miti. Nilichokulia nacho ni kwamba maji ya mti unayakamata wakati wa mvua. Ukingoja Agosti umechelewa.

Chimba shimo Oktoba, ardhi ikiwa kavu, futi mbili kwa mbili. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya wa juu na samadi iliyooza, uurudishe kwanza. Usipande mvua ya kwanza. Subiri ardhi ilowe mpaka ukichimba kwa jembe ukute unyevu kina cha mkono. Kisha tengeneza tuta la nusu mwezi upande wa chini wa mteremko, mdomo wake utazame juu, maji yanayotiririka yaingie yakae hapo.

Mche wenyewe, usiangalie urefu. Geuza kiriba uangalie chini. Mche uliokaa kitaluni sana mzizi mkuu umejiviringa mduara. Mti huo hata ukiupanda utajinyonga wenyewe, na mzizi hautashuka kutafuta maji. Mfupi wenye mzizi ulionyooka ndio wa kuchukua. Vitalu vya TFS, wakala wa misitu wa serikali, huwa vina miche ya miti ya asili, ulizia huko pia.

Hesabu ya paa: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita mia moja za mraba kwa mvua ya Dodoma linapitisha zaidi ya lita elfu hamsini kwa mwaka. Hata ukikosa tanki, elekeza mfereji wa bati kwenye shimo la mkwaju wako.

Kiangazi, dumu la lita tano, toboa tundu moja dogo kwa sindano ya moto, fukia nusu karibu na shina. Maji yanashuka polepole chini, hayapotei juani. Mwagilia kwa nadra lakini kwa wingi, mzizi ufuate maji chini. Kila siku kikombe kimoja kunafundisha mizizi kukaa juu. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia nguo yanafaa. Yale ya kwanza yenye povu la sabuni ya unga usimwage hapo, chumvi zake zinaharibu udongo. Nyasi kavu za matandazo ziache kiganja kimoja kutoka shinani, la sivyo mchwa wanapata daraja.

Shy_Ngitili

Huku Shinyanga uzio wetu ni minyaa. Unakata kijiti, unakiacha utomvu ukauke, unachomeka, basi. Haidai maji na inazuia vumbi la upepo. Utomvu wake ni hatari kwa macho, wenye watoto wadogo weka nje ya wanapochezea.

Na mng'ong'o: ukikuta umeota wenyewe, uache, lakini kumbuka una dume na jike. Wa kwetu ni dume, kivuli tunapata, matunda tunaenda kwa jirani.

Voi_Taita (Kenya)

La mwisho kwangu ni onyo. Mtu akikuletea mathenge (Prosopis juliflora) kwa sababu eti hauli maji na unakua jangwani, kataa. Uliletwa Kenya kuokoa maeneo makavu, leo umefunga malisho Baringo na Garissa, miiba inatoboa magurudumu, na watu wa Baringo walifika mpaka mahakamani. Kustahimili ukame peke yake hakutoshi. Uliza pia kama mti huo utakaa pale ulipouweka.

Kwa kiwanja cha Iyumbu, mimi ningefanya hivi: minyaa mashariki kwa ajili ya upepo, mkwaju magharibi mbali na karo, mkomamanga karibu na jiko unaponywea maji ya mboga. Kisha nafasi nyingine uziache mvua moja ipite uone visiki vinasema nini, kama alivyosema wa Nala.