Harrier ya cc 3000 haijapata mnunuzi kwa miezi minne: nishushe bei au nisubiri?

Msafiri wa Dodoma:

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kuuza gari lao wenyewe bila kulipeleka yadi, hasa gari lenye injini kubwa.

Nina Toyota Harrier ya mwaka 2004, ile inayoitwa mtaani tako la nyani, yenye injini ya V6 ya lita 3.0 (1MZ, cc 2994) na inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ni namba D, na kadi ina jina langu tangu gari lilipoingia nchini. Nililinunua kwa sababu ya barabara. Kazi yangu ilihamia Dodoma, mume wangu na watoto wakabaki Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda na kurudi karibu kila baada ya wiki mbili, kilomita zipatazo 450 kwa upande mmoja. Kwa safari zile sikuwahi kujuta, kwa kuwa injini hii hulipita lori kwenye mwinuko bila kukutia hofu, na unafika ukiwa hujachoka. Lakini tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari zangu nyingi ninazifanya kwa treni, na gari limebaki la kwenda kazini na sokoni. Mjini linakula lita moja kwa kilomita 6 au 7, na mimi sina tena sababu ya kubeba mzigo huo.

Nilianza kulitangaza kwa shilingi milioni 19, kisha nikashusha hadi 18. Kwa miezi minne wamepiga simu watu kama kumi na watano, wakaja kuliona watano, na nimepata bei mbili tu: mnunuzi mmoja alisema milioni 13, na dalali akasema 12, akidai kwamba cc 3000 siku hizi haiuziki kabisa. Mimi ninajiuliza hivi: mtu akiagiza gari la namna hii leo kutoka Japani atalipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa kuwa injini inazidi cc 2000, ushuru wa uchakavu asilimia 30 kwa kuwa gari lina zaidi ya miaka 10, na VAT asilimia 18 juu ya hayo yote. Kwa nini basi lililokwisha kulipiwa kila kitu lidharauliwe kiasi hiki? Bima yangu inaisha baada ya wiki sita, na ningependa kuamua kabla ya hapo.

Fundi wa Gerezani:

Dada yangu, hesabu yako ya ushuru ni sahihi, lakini haikusaidii kwa sababu mnunuzi wako hashindanishi gari lako na lile litakalotoka Japani. Analishindanisha na Harrier ya cc 2400 iliyoegeshwa jirani. Hiyo nayo, kwa cc zake 2362, imezidi 2000, kwa hiyo ilibeba viwango vilevile vya ushuru. Serikali haikuzitofautisha injini hizi mbili. Anayezitofautisha ni mwenye kituo cha mafuta, na fundi kidogo.

Tuseme mnunuzi anatembea kilomita 1,000 kwa mwezi ndani ya mji. Lako, kwa kilomita 7 kwa lita, litamtaka lita 143. Lile la cc 2400, likienda kilomita 9 kwa lita, litamtaka lita 111. Tofauti ni lita 32 kwa mwezi, sawa na lita zipatazo 380 kwa mwaka, na tukikadiria shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki moja kila mwaka. Mtu anayetarajia kukaa na gari miaka mitatu anaiona milioni tatu na zaidi ikiondoka, na kwa haki kabisa anaitoa kwenye bei yako kabla hajafungua mlango. Kwa hiyo tafuta kwanza bei ambayo cc 2400 za mwaka huo na namba hiyo zinauzwa kweli, si inayoandikwa kwenye matangazo, kisha kaa chini yake kwa milioni mbili hadi tatu. Hapo ndipo gari lako lilipo.

Upande wa ufundi una silaha ambazo huzitumii. Injini ya 1MZ inatumia mkanda wa taimingi, si cheni kama ile ya 2400, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mnunuzi anayejua hilo swali lake la kwanza litakuwa: umebadilishwa lini? Kama ulibadilishwa pamoja na pampu ya maji, mpe risiti na umwonyeshe kibandiko chenye tarehe na kilomita kama fundi alikiweka kwenye injini. Kama haujabadilishwa, badilisha sasa, maana mnunuzi atakukata pesa nyingi kuliko gharama yenyewe. Vilevile plagi: tatu za mbele ni rahisi, lakini tatu za nyuma hazifikiki mpaka menifoldi ya juu, yaani mabomba ya kuingizia hewa yaliyo juu ya injini, ifunguliwe, ndiyo maana mafundi wengi hubadilisha za mbele tu na kusema wamemaliza. Kama zako zote sita ni mpya, sema hivyo waziwazi. Mwisho, injini hii ina sifa mbaya ya kujaza tope la oili kwa wasiobadilisha oili kwa wakati. Fungua kifuniko cha oili mbele ya mnunuzi, mulika tochi ndani, aone pako safi. Nimeona watu wakiacha kubishana bei baada ya kuonyeshwa hapo tu.

Mnunuzi wa Mwaka Jana:

Mimi nilikuwa upande wa pili. Nilitafuta Harrier kwa miezi mitatu, nikaona za cc 3000 nne, na mwishowe nikanunua cc 2400, ingawa moja ya zile nne ilikuwa nzuri kuliko hii niliyo nayo. Napenda kueleza kwa nini, kwa sababu wauzaji hawaambiwi.

Wawili kati ya wanne hawakuandika ukubwa wa injini kwenye tangazo. Nilisafiri kutoka Kibaha hadi Tegeta, nikafika, nikasoma V6 kwenye kifuniko cha injini, na kuanzia hapo sikumwamini tena mwenye gari kwa lolote alilosema, hata lililokuwa kweli. Wa tatu aliniambia kwamba gari lake linakwenda kilomita 12 kwa lita ndani ya foleni ya Dar es Salaam. Wa nne, yule mwenye gari zuri, alikuwa mkweli, lakini aling'ang'ania bei ileile ya cc 2400 akisema injini kubwa ni heshima. Kama angeshuka milioni mbili ningelichukua siku ileile, na nadhani bado analo.

Kwa hiyo, dada, andika cc 2994 kwenye mstari wa kwanza wa tangazo na utaje ulaji wa mafuta kama ulivyotueleza hapa. Utapata simu chache zaidi, lakini watakaopiga watakuwa wameshakubali. Wapo wanaoitaka V6 kwa makusudi: watu wa safari ndefu, kama ulivyokuwa wewe, wa Mbeya, Arusha na Mwanza, ambako treni hiyo haijafika. Watangazie hao, na uwape ulaji wa safarini, maana huo ndio utakaowahusu.

Mzoefu wa Mauziano:

Kuhusu bei sina la kuongeza kwa Fundi, ila ninapinga kushusha kidogo kidogo. Kutoka 19 hadi 18, kisha 17 na nusu, kila anayefuatilia matangazo anakuona unateremka ngazi na anaamua kukusubiri chini. Liondoe tangazo kwa wiki mbili, lifanyie yale matengenezo, piga picha mpya asubuhi gari likiwa safi, kisha lirudi mara moja kwa bei ambayo utaisimamia, ukiacha nafasi ya laki tano tu ya maongezi.

Dalali unaweza kumtumia, lakini mkubaliane kwa maandishi ujira wake ni kiasi gani na bei anayomwambia mteja ni ipi, kwa sababu cha juu anachoweka bila wewe kujua ndicho kinachofukuza wateja wa gari zito kama hili.

La muhimu kwangu ni siku ya kuuza. Mteja akitaka kulijaribu, kaa naye ndani ya gari na ubaki na kitambulisho chake. Mpe nakala ya kadi. Kadi halisi usiitoe mpaka pesa zimeingia. Malipo yafanyikie ndani ya benki yako, na uthibitishe salio kwa mhudumu, usitegemee ujumbe wa simu wala karatasi ya kuweka fedha aliyokuja nayo. Mkataba wa mauziano mwandike mbele ya wakili, mkitaja namba ya chesisi, namba ya injini, tarehe na saa ya makabidhiano. Baada ya hapo fuatilia uhamisho wa umiliki TRA wewe mwenyewe hadi mwisho, nyote wawili mkiwa na TIN, na mkubaliane mapema nani analipa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Jirani yangu alimwachia mnunuzi kazi hiyo, na kwa mwaka mzima faini za barabarani zikaendelea kusoma kwa jina lake.

Msafiri wa Dodoma:

Ninawashukuru sana, na nimejifunza kwamba nilikuwa ninashindana na gari ambalo sikulitazama. Jana nimezungukia matangazo na kupiga simu sita nikijifanya mnunuzi: Harrier za cc 2400 za mwaka 2004 na 2005, namba D, wenye nazo wanakubali kati ya milioni 16 na 17 baada ya maongezi. Kwa kanuni ya Fundi, langu ni 14 na nusu, ambayo inaniuma, lakini iko juu ya zile bei mbili nilizopewa.

Mkanda wa taimingi ulibadilishwa kilomita 30,000 zilizopita na risiti ninayo. Plagi za nyuma sina hakika, kwa hiyo Jumamosi ninalipeleka kwa fundi. Nitalirudisha sokoni kwa milioni 15, cc zikiwa kwenye mstari wa kwanza. Swali moja limebaki: bima ikiisha kabla halijauzwa, nikate ya mtu wa tatu tu?

Mzoefu wa Mauziano:

Ya mtu wa tatu inatosha kisheria, lakini gari litakuwa likijaribiwa na watu usiowajua. Kama umeshalipa bima kubwa, ile inayofidia pia gari lako, kwa miaka yote hiyo, waulize watu wako wa bima kama wanaweza kukukatia ya muda mfupi, ili usilipie mwaka mzima kwa gari unalotarajia kuliachia baada ya miezi miwili.