Mfungwa apewe likizo akiwa hajamaliza kifungo? Tujadili

Mleta mada

Wakuu, hii mada najua itatugawa. Zipo nchi ambako mfungwa, hata wa kosa zito, huruhusiwa kutoka gerezani siku chache, akakaa na familia yake, kisha akarudi mwenyewe bila kuletwa na askari. Si msamaha. Wala si parole, maana wa parole akishatoka ametoka ili mradi atii masharti. Hii ni likizo: saa ya kutoka imeandikwa, saa ya kurudi imeandikwa.

Hispania, mfungwa aliyetumikia robo ya kifungo na mwenye mwenendo mzuri anaweza kupata hadi siku 36 kwa mwaka, na 48 kama yuko kwenye ngazi ya gereza la wazi. Italia ilipitisha sheria yake mwaka 1986, kikomo siku 45 kwa mwaka. Sheria ya magereza ya Ujerumani iliyoanza kutumika 1977 iliweka siku 21, na hata wa kifungo cha maisha aliweza kuomba akishakaa ndani miaka 10.

Mimi naunga mkono, na sababu yangu si huruma. Vifungo vingi vina mwisho. Aliyepewa miaka minane atatoka, tupende tusipende. Sasa tuchague: siku yake ya kwanza uraiani iwe ile ambayo geti limefungwa nyuma yake na hakuna anayejua amelala wapi, au iwe siku ya majaribio ambayo kesho yake lazima aripoti? Likizo inampima yeye, lakini inapima na wa nje. Mke anajua kama bado anamtaka. Ndugu aliyeahidi kumpa kazi anajulikana kama alikuwa anaongea tu. Mtoto aliyeambiwa baba kasafiri anaanza kuuliza maswali wakati baba yupo wa kuyajibu. Na mkuu wa gereza anapata kitu ambacho hawezi kukipata ndani ya ukuta, yaani kujua huyu mtu anafanya nini asipotazamwa. Mwenendo mzuri gerezani una maana ndogo sana, maana ndani hakuna pombe dukani wala washirika wa zamani kijiweni.

Karibuni, ila matusi tuache.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada umeeleza vizuri ila kuna jina umelikwepa. Horton.

Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilianza likizo za wafungwa mwaka 1972. William Horton alikuwa ametiwa hatiani kwa mauaji ya kijana wa miaka 17 aliyekuwa kazini kwenye kituo cha mafuta, akapewa kifungo cha maisha kisicho na parole. Juni 1986 akapewa likizo ya mwisho wa wiki. Hakurudi. Aprili 1987, huko Maryland, alivamia nyumba, akamchoma kisu mwanamume na kumbaka mchumba wake.

Sasa nirudi kwenye hoja yako uliyosema si ya huruma. Unasema likizo inamwandaa mtu kwa siku ya kutoka. Huyu siku ya kutoka hakuwa nayo. Alikuwa anaandaliwa kwenda wapi?

Mchangiaji wa pili

Horton tunamjua kwa sababu ya kura, tusijifanye. Mwaka 1988 kambi ya George H. W. Bush, aliyekuwa akigombea urais, ilimbebesha mpinzani wake, gavana wa Massachusetts Michael Dukakis, kesi ile hadi siku ya uchaguzi, na picha ya mtu mweusi ikazungushwa kwenye televisheni, wakati mpango wenyewe ulianzishwa na gavana wa chama cha Bush. (Dukakis naye ana lake: mwaka 1976 aliletewa muswada wa kuwaondoa wauaji wa daraja la kwanza kwenye likizo, akakataa kuusaini.)

Mwaka 2024 yametokea Brazil. Sheria ya 1984 iliwapa wafungwa wa ngazi ya kati (kati ya gereza la kufungwa na la wazi) hadi siku 7, mara 5 kwa mwaka. Januari 2024 sajenti wa polisi aliuawa Belo Horizonte na mfungwa ambaye alitakiwa awe ameshamaliza likizo na kurudi. Miezi michache baadaye Bunge likafuta likizo za kutembelea familia, Rais Lula akaweka veto kwenye kipengele hicho, Bunge likaitengua. Zimebaki za masomo. Aliyerudi saa kumi na moja jioni kama alivyoagizwa haandikwi popote, kwa hiyo hana wa kumtetea Bungeni.

Mchangiaji wa tatu

Mnatupiana visa. Kuna jozi ya kesi inayosaidia zaidi, zote za Italia, zote zilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Ya kwanza, Mastromatteo. Mwaka 1989, karibu na Milano, kijana aliuawa na majambazi waliotoka kupora benki na kutaka kumnyang'anya gari. Aliyefyatua risasi alikuwa mfungwa aliyepewa likizo. Baba wa marehemu akaishitaki serikali. Mwaka 2002 mahakama ikasema haki ya kuishi haikukiukwa: kumrudisha mfungwa kwenye jamii hatua kwa hatua ni lengo halali, na majaji waliotoa ruhusa hawakuwa na taarifa ya kuwafanya waogope.

Ya pili, Maiorano. Angelo Izzo alifungwa maisha kwa ukatili wa mwaka 1975. Miaka ya 2000 akapewa ruhusa ya kutoka mchana kufanya kazi na kulala gerezani, na Aprili 2005 akaua mama na bintiye. Safari hii, mwaka 2009, serikali ikashindwa. Kwa nini? Rekodi yake ilikuwa inapiga kelele, alishawahi kuvunja masharti, na waendesha mashitaka walikuwa na taarifa ambazo hazikufikishwa kwa mahakama yenye mamlaka ya kumfutia ruhusa.

Nchi moja na mahakama moja, ila majibu mawili. Ukiniuliza, mjadala wote uko hapo. Tunabishana likizo iwepo au isiwepo, wakati watu wanaokufa wanakufa kwa sababu ya karatasi iliyokaa mezani kwa ofisa fulani. Nataka kujua nani anasaini, anasoma nini kabla ya kusaini, na taarifa mbaya ikija Ijumaa jioni inamfikia nani. Nchi isiyoweza kujibu hayo matatu isianzishe kabisa, hata sheria yake iandikwe kwa wino wa dhahabu.

Mchangiaji wa nne

Mimi naongea upande ambao hamjaugusa. Aliyebakwa au kuporwa anajuaje kwamba mtu wake yuko nje wikendi hii? Kumpigia simu kabla si hisani, na sharti la kutokanyaga mtaa anaoishi liwe kwenye fomu. Mengine ya kitaalamu pangeni nyie.

La pili, likizo zinajua kuchagua wenyewe. Angalieni jimbo la Haryana, India. Sheria yake ya 2022 inaruhusu wiki 10 za parole ya muda (huko mtu hutoka kisha akarudi) na wiki 3 za likizo kwa mwaka. Gurmeet Ram Rahim, kiongozi wa dhehebu lenye wafuasi wengi, alihukumiwa miaka 20 mwaka 2017 kwa kubaka wafuasi wake wawili. Ametoka mara nyingi, na wakosoaji wakauliza mbona baadhi ya safari hizo ziliangukia karibu na uchaguzi. Wakati huohuo fomu inadai anuani ya kudumu na mdhamini. Maskini aliyefukuzwa chumba cha kupanga siku aliyokamatwa, hivyo vitu anavitoa wapi?

Mleta mada

Wa nne, hilo la anuani ni zito kuliko watu wanavyodhani, maana asiye na pa kulala ndiye anayehitaji majaribio zaidi.

Wa kwanza, umeniuliza anaandaliwa kwenda wapi. Kwa Ujerumani jibu lipo: wa maisha anaweza kufikiriwa kuachiwa baada ya miaka 15, kwa hiyo ana mlango mbele yake. Kwa kifungo kisicho na mlango kabisa, hoja yangu ya maandalizi haimfikii, na simpi likizo ya kawaida. Ila Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 zinataka mfungwa, pale hali inaporuhusu, aweze kwenda kumwona ndugu wa karibu aliye mahututi au kumzika, akisindikizwa au peke yake. Hilo nalo utamnyima?

Mchangiaji wa kwanza

Mazishi sawa. Kwa askari wawili, na arudi siku hiyohiyo. Kulala matanga, hapana.