Mtu wa Dodoma kwenye boti ya kuzamia Maldivi siku saba, niko tayari au najidanganya?

mzabibu_ilazo
Habari za jioni wadau. Mi mkazi wa hapa Ilazo, Dodoma. Mwaka jana mwezi wa nane nilishuka Unguja na washkaji nikafanya kozi ya kuzamia ile ya mwanzo, Open Water, kuogelea mita 200, kuelea dakika kumi, fomu ya afya, mtihani, nikapewa cheti. Mpaka leo nimezama mara sita, hapo nimehesabu na zile nne za kozi msinicheke.

Sasa kuna jamaa nilisoma nae anasema mwezi wa pili kuna kundi linaenda Maldivi, sio ya hotelini, ni boti ya kulala humo humo usiku saba, unakula humo unalala humo, boti inahama atoli hadi atoli na mnazama mara tatu kwa siku. Bei dola 1,900 ndege hujaweka. Hela sio shida sana, alizeti ya Kongwa msimu huu imenitoa kimasomaso.

Swali langu, mara sita inatosha? Na mazoezi nimepanga hivi: kila mwisho wa mwezi Ijumaa jioni nashuka na treni ya SGR nalala Dar, Jumamosi alfajiri boti ya Unguja, nazama Jumamosi na Jumapili asubuhi, mchana narudi Dar, jioni SGR, Jumatatu saa moja na nusu niko ofisini. Iko sawa hiyo?

mtera_boy
Mgogo na bahari wapi na wapi 😂 njoo bwawa la Mtera ufanye mazoezi bure, mamba watakufundisha kupanda juu haraka

mie_wa_matemwe
Mtera boy wacha mzaha, mwenzio kauliza la maana.

Ndugu yangu wa Ilazo, mie ni kazi yangu hii kuongoza wageni chini ya maji mwaka wa nane sasa, na nishawahi kufanya msimu mmoja huko Maldivi. Ntakwambia ukweli, mara sita haitoshi. Sio kwamba watakukatalia, wengine watakuchukua hela yako vizuri tu, lakini boti nyingi za njia zile zinataka uwe na cheti cha pili cha Advanced na uzoefu wa kama mbizi 50, na wana sababu. Cheti chako kinaishia mita 18. Kule sheria ya nchi inakwambia mwisho mita 30, na vitu vyenyewe mnavyofata viko kati ya 20 na 30.

Halafu kuna kitu wanaita kandu (sio kanzu!). Atoli ni pete ya matumbawe, katikati kuna maji yametulia na nje kilindi. Sasa ile pete ina mapengo, hayo mapengo ndio kandu, bahari yote inataka kupita hapo. Mwezi wa pili ni kaskazi, maji yanasukumwa toka mashariki, kwahiyo mapengo ya upande wa mashariki yanaingiza maji safi kabisa unaona mbali na papa wanakuja kukaa mdomoni pale kama wanasubiri daladala. Na we unatakiwa uteremke haraka, ushike mwamba uliokufa au ujishikize hapo kwa ndoano yako, utulie. Mtu mwenye mbizi sita hajui kutulia. Anapiga mapezi, anapumua kama kakimbizwa, dakika 20 mtungi kwisha, na kundi zima linapanda kwa ajili yake. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, mgeni analia ndani ya maski.

Uzuri wa kule, huzami kutoka boti kubwa. Kuna dhoni inafata nyuma, chombo cha asili yao kama sisi na mashua, mitungi na kompresa viko huko, boti kubwa unalala bila kelele za kujaza mitungi. Ukipanda juu mbali unapuliza boya lako la rangi ya machungwa dhoni inakuja. Hilo boya jifunze kulitoa kabla hujaenda, sio kule.

Ushauri wangu nenda Mafia kwanza. Ghuba ya Chole maji yametulia, ukishazoea wakupeleke mlango wa Kinasi ukaonje mkondo, na kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu papa potwe wapo upande wa Kilindoni, hao unaogelea nao na maski tu.

bi_Zuhura_K
Mi nilienda mwaka jana na mume wangu, niongezee machache. Visa unapata ukifika, siku 30, bure. Hiyo 1,900 uliza kama wameweka tozo ya kijani (ya mazingira), dola 12 kwa mtu kwa siku, mara nyingi inaletwa mwisho na bili ya kukodi vifaa na unajikuta unatafuta ATM kisiwani. Na we mtu wa Dodoma nakuomba usije ukabeba mvinyo wa zabibu kuwapelekea zawadi!! Nchi ile pombe haiingii, wanaichukua uwanja wa ndege. Kwenye boti wanauza wana kibali, lakini ukishuka visiwa vya wenyeji ni Waislamu wote, funika mabega na magoti.

Kingine hamna anayekwambia, usingizi. Saa kumi na mbili asubuhi kengele, maelezo ya mzamo ubaoni, unaingia majini hujanywa hata chai. Unakula, unalala lisaa limoja, kengele. Siku ya nne nilikuwa sijui leo ni lini. Vidonge vya kichefuchefu meza kabla boti haijaanza kuyumba, ukisubiri utapike umechelewa.

gari_moshi_1120
Wote mmemjibu Maldivi hamjasoma mstari wa mwisho wa swali lake. Mzabibu soma hii taratibu maana mimi ilinipata.

Dodoma iko kama mita 1,100 na kitu toka usawa wa bahari. Sisi tumezaliwa huku tunaona ni tambarare tu, mbuyu na vumbi, hatuhisi kama tuko juu. Chukua pakiti ya krispi nunua Dar pale stesheni, iweke mezani kwenye treni uiangalie. Ukipita Kilosa inaanza kukaza, ukifika Dodoma imevimba kama mto. Hakuna aliyeijaza hewa, ni huku nje kanieneo (mgandamizo wa hewa) imepungua. Sasa mwili wako uliozama ndio hiyo pakiti.

Ukiwa chini unapumua hewa iliyokandamizwa, naitrojeni inaingia kwenye damu na nyama, ndio maana wanakufundisha kupanda taratibu na kusimama mita 5 kwa dakika tatu. Lakini haitoki yote hapo, inaendelea kutoka masaa na masaa. Ukipanda ndege au mlima kabla haijaisha inatengeneza mapovu. DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, wanasema ukizama mara nyingi au siku mfululizo ngoja angalau masaa 18 kabla ya kuruka, na wanahesabu kuanzia mwinuko wa kama mita 600. Dodoma imepita hapo karibu mara mbili. Kwahiyo SGR kwetu sisi ni ndege!!

Mimi nilizama mbili Jumapili asubuhi, boti ya mchana, treni ya jioni, ratiba yako hiyo hiyo. Zamani kwa basi ungelala Dar uondoke kesho yake, ungekuwa umesalimika bila kujua, sasa hivi masaa matatu na nusu ushafika. Saa sita usiku kiwiko cha kushoto kikaanza kuuma, sio maumivu ya kugonga, ni kama mtu kaweka msumari ndani ya mfupa anauzungusha polepole, ukikigusa huoni panapouma. Asubuhi vidole viwili vina ganzi. Nikaenda hospitali, daktari kijana mzuri tu akaniuliza nimebeba mizigo? nikamwambia nimebeba begi, akaandika misuli, nikapewa dawa ya kuchua. Nilichua siku nzima. Jioni ndio nikampigia mwalimu wangu wa Nungwi, akauliza neno moja tu, "Umeshapanda Dodoma?" Akaniambia rudi hospitali omba oksijeni ya maski sasa hivi, na akaniunganisha na madaktari wa kuzamia kwa simu. Nilipona, lakini ganzi ilikaa wiki tatu.

Mazoezi fanya, ila Jumapili usizame. Zama Ijumaa na Jumamosi, Jumapili kaa Forodhani ule urojo.

mie_wa_matemwe
Subhana. Mie miaka yote nawauliza wageni ndege yenu saa ngapi, sijawahi kumuuliza mtu wa bara treni yake saa ngapi. Ntaanza.

mtera_boy
Kwahiyo hata mimi nikizama Mtera?

gari_moshi_1120
Wewe tayari uko juu, hiyo ina majedwali yake ya kuzama kwenye mwinuko. Na mamba bado wapo.

mzabibu_ilazo
Wadau nawashukuru mno, @gari_moshi pole sana mkuu. Nimemwandikia jamaa yangu anitoe safari ya mwezi wa pili aniweke ya mwakani, kakasirika kidogo lakini amana inahamishika. Mwezi wa kumi na moja naenda Mafia siku sita, Advanced nafanyia huko huko, na siku ya mwisho siingii majini.

Leo nimeenda kwa bosi kuomba Ijumaa mbili na Jumatatu moja. Kauliza Jumatatu ya nini wakati unakuwa ushamaliza kuzama? Nikamwambia ni ya kusubiri ndio nipande Dodoma. Kaniangalia, kaangalia dirishani kule Ilazo kulivyo bapa, akasema andika barua ueleze, na hiyo sehemu ya kupanda uiweke vizuri maana na mimi lazima nimwonyeshe mtu.