Draivu inasoma CD lakini DVD imezikataa ghafla, naomba ushauri

Ndugu zangu, habari za huko. Niko Jinja, kazi yangu ni kunakili video za harusi na mahubiri kwa wateja. Natumia kompyuta ya mezani, Windows 10. Tangu umeme ukatike na kurudi kwa kishindo, draivu haisomi DVD hata moja: diski inazunguka, inasita, kisha naambiwa niingize diski. Ajabu ni kwamba CD za muziki inazisoma vizuri tu!

CD husomwa kwa leza ya nanomita 780 na DVD kwa 650, kwa hiyo nashuku leza moja imekufa. Fundi wa mtaani anashikilia ni vumbi kwenye lenzi (vumbi letu jekundu mnalijua, simbishii sana). Lenzi nimeipangusa kwa pamba na spiriti, waya wa SATA (unaounganisha draivu na kompyuta) nimebadilisha, draivu nimeiondoa kwenye orodha ya vifaa vya Windows na kuwasha kompyuta upya. Wapi! Diski zilezile kompyuta nyingine inazisoma.

Nitajuaje kama ni leza au lenzi kabla sijatoa hela? Na draivu ya nje ya USB, inahimili kazi ya kutwa nzima?