Neno la mtu mwaminifu: ni njia ya kujua, au dalili tu?

Kibuyu: Wakuu, Wahindu wa Nyaya, shule ya mantiki ya India ya kale, walitaja njia nne za kujua: hisi, dalili, kulinganisha, na neno la mtu mwaminifu. Dignaga, Mbuddha wa karne ya 5 na 6, akabakiza hisi na dalili tu. Mimi niko na Nyaya. Siku uliyozaliwa uliijuaje kama si kwa kuambiwa?

Mpiga Mbonji: Dignaga hakulitupa neno la mtu, mkuu. Alilitia chini ya dalili: huyu ni mkweli, jambo analijua, basi asemalo ni kweli. Ni yaleyale ya kuona moshi mlimani ukajua kuna moto.

Bi Tausi: Na kitabu chake amekifungua kwa kumsifu Buddha kuwa ndiye njia yenyewe ya kujua! Neno la Veda, vitabu vitakatifu vya Wahindu, halitaki; la mwalimu wake analiinamia. Huo ni ushabiki.

Mpiga Mbonji: Ushabiki? Dharmakirti, mfuasi wake wa karne ya 7, katumia sura nzima kueleza kwa nini Buddha aaminike, akaanzia kwenye huruma aliyoizoeza maisha baada ya maisha. Soma kwanza, dada, ndipo utukane.

Bi Tausi: Hiyo huruma ya maisha baada ya maisha uliiona, au ulipata dalili? Moshi wake uko wapi?

Sina Haraka: 😂😂 Ndiyo maana Charvaka, wapinga dini wa India ya kale, walisema hisi basi. Nani kazunguka kila mahali, kila zama, akahakikisha hakuna moshi bila moto?

Kibuyu: Charvaka wa "kopa ule samli"? Watu wa tumbo hao, tusiwaingize hapa.

Sina Haraka: Pole pole. Hayo ya samli tunayasoma kwa Madhava, karne ya 14, mpinzani wao. Vitabu vyao karibu vyote vimepotea. Cha Jayarashi kipo, nacho watu wanabishana kama ni chao.

Bi Tausi: Kwa hiyo Charvaka unawajua kwa kuambiwa. Karibu Nyaya, ndugu yangu.

Sina Haraka: Nimesoma kwa macho yangu.

Bi Tausi: Macho yameona wino. Mengine umeambiwa.

Mgeni wa Jioni: Mbona Nagarjuna, Mbuddha aliyemtangulia Dignaga, hamumtaji? Aliuliza hizo njia zenyewe zimethibitishwa kwa njia gani.

Kibuyu: Subiri, mkuu. Huyu bado hajajibu la samli.

Sina Haraka: La samli nimejibu, wewe ndiye husomi.