Kupokea AO-7, setilaiti ya redio za ridhaa, kwenye bendi ya mita 10 (karibu MHz 29), nikiwa Kigoma

Mtoto wa Ujiji: Wakuu, nina redio ya HF (masafa mafupi) yenye SSB (modi ya ukanda mmoja wa upande). Nikae masafa gani, na waya wa antena uwe mrefu kiasi gani?

Fundi Waya: Mkuu, weka USB (ukanda wa juu wa SSB), tafuta kati ya MHz 29.400 na 29.500, ishara yake ya Morse iko karibu na 29.502. Dipoli (antena ya waya mbili, kebo ikiungwa katikati): mita 2.42 kila upande. Sasa zingatia hili. Betri zake zilikufa 1981, ikafufuka 2002, na leo inaishi kwa jua tu. Ikitoka kwenye kivuli cha dunia, mara nyingi huamkia modi B, inayoshukia MHz 145. Ukikuta 29 kimya, usikate waya! Jaribu majira ambayo haipiti kivulini. Hapo hubadilishana modi A (hii ya MHz 29) na B kila saa 24.

Mwanga wa Ziwa: Nyongeza: Morse huanza kama Hz 500 juu, kisha sauti inazama taratibu hadi chini. Isiyozama si setilaiti. Zima pia kidhibiti chaji cha sola, maana mngurumo wake hufunika kila kitu. Kurusha kwenye MHz 145.850–145.950 kunahitaji leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania). Kusikiliza, anza leo.